Mstari wa Shingoni

Sanduku liliteremshwa kutoka kwenye lori la kampuni ya mkonge wakati Mwanajuma akichambua choroko barazani kwao Kisarawe. Lilikuwa sanduku la mbao nyepesi, limekazwa kwa utepe wa bati, na wapagazi wawili walilibeba kwa uangalifu mpaka chumba cha mbele, ambamo mumewe, Mwishehe, alifanyia kazi yake ya kutia rangi picha. Mwanajuma hakuinuka. Aliendelea kuokota vijiwe na kuvitupa uani. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umepauka tangu mwezi wa Ramadhani, na choroko zilizokuwa chini ya kiganja zilionekana kupitia nyama na mifupa, kama kokoto zinavyoonekana chini ya maji ya kisima.

Utepe ulipokatwa na kifuniko kuinuliwa, nyumba nzima ilijaa harufu ya kafuri.

“Nani amekufa?” aliuliza Mwanajuma kutoka barazani.

“Hajafa mtu, mama,” alijibu Zahoro, karani wa kampuni, kijana aliyevaa kaptura iliyopigwa pasi mpaka ikawa na makali. “Hii ni seluloidi. Kiwandani huichanganya na kafuri.”

“Fungueni dirisha basi. Sisi kafuri tunaijua kwa kazi moja tu.”

Zahoro alicheka, kisha akaona kwamba hakuna aliyecheka pamoja naye, akafungua dirisha.

Ndani ya sanduku mlikuwa na mafungu ya karatasi za seluloidi, angavu kama kioo na laini kama ngozi ya kitunguu, kila fungu limefungwa kwa uzi. Zahoro alieleza kazi. Miaka michache kabla, vita vilipokwisha, kampuni ilikuwa imemtuma mchoraji wake katika bonde la Marui. Aliketi kisimani juu ya kigoda, akawachora watu wa kijiji mmoja mmoja, na kila aliyekubali kuchorwa alipewa kibaba cha chumvi. Mtu mmoja alichorwa katika karatasi nyingi, hatua moja kwa kila karatasi, ili zikipigwa picha kwa mfuatano mtu huyo aonekane anatembea. Wino wa mistari uliwekwa upande wa mbele. Rangi zilipakwa upande wa nyuma. Filamu ilikusudiwa kuonesha jinsi watu wa Marui wanavyohama bonde lao kwa furaha na kuiachia kampuni shamba la mkonge, ili vijiji vingine vione na kufuata mfano. Lakini sanduku lilikaa katika ghala lenye paa linalovuja mjini Dar es Salaam. Rangi zilipauka, wino ukabanduka, na baadhi ya karatasi hazikuwa zimemalizwa tangu mwanzo.

“Bwana anataka uzirudishe kama zilivyokuwa, na zilizopungua uzikamilishe,” alisema Zahoro. “Ameambiwa hakuna mkono kama wako kutoka Pugu mpaka Mlandizi. Ila uwe mwangalifu, maana tukishazipiga picha tunaziosha kwa magadi na kuzitumia tena kwa filamu nyingine. Usizikwaruze.”

“Mnaziosha zote?” aliuliza Mwishehe.

“Zote. Seluloidi inatoka mbali.”

Lori lilipoondoka, Mwishehe alifungua fungu la kwanza lililokuwa juu. Lilikuwa la mwanamke mwenye mtungi kichwani. Kanga yake ilikuwa imefifia, uso ulikuwa umebaki nusu, na mkono wa kushoto, ule uliokuwa umeushika mtungi, haukuwa na rangi hata kidogo. Mwishehe aliuinua mchoro kwenye mwanga wa dirisha, na kupitia mkono ule mtupu akamwona mkewe barazani, naye akiwa ameinua mkono wake mtupu kumfukuza kuku.

Alikumbuka kwamba katika mwaka ule wa mchoraji, Mwanajuma alikuwa amekwenda Marui kumwuguza mama yake, na alirudi na kibaba cha chumvi.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia. Kupauka kwenyewe hakukumtisha. Huko Marui walipauka karibu wote, na watu walikwisha kuzoea. Wengine walilaumu maji, wengine mihogo ya mwaka wa njaa. Mama mkwe wake, Bi. Mwanamkuu, alikuwa amefikia hali ambayo majirani walimtambua kwa kanga yake na kikohozi chake, na walimfunga kitambaa chekundu mkononi ili watu wasimgonge njiani. Hayo aliyajua. Kilichomtisha Mwishehe ni brashi. Aliitazama brashi yake ya manyoya ya kindi, ambayo kwa miaka mingi alikuwa ameichovya na kuifuta bila kufikiri, akaona kwamba tangu sasa hana ruhusa ya kupiga chafya.

Alichanganya hudhurungi na nyekundu kidogo, akangoja mkono utulie, akaujaza mkono wa yule mwanamke katika karatasi zote za fungu lile. Kazi hiyo ilimchukua mpaka adhuhuri. Alipomaliza alisikia ungo ukiwekwa chini.

“Baba Tatu,” aliita Mwanajuma, kwa maana walikuwa wamempoteza mtoto wa jina hilo na jina likabaki. “Choroko sizioni tena.”

Alikuwa ameufunika ungo kwa kiganja, na kiganja kilikuwa kizima.

Mume mwingine angeendelea na fungu lile mpaka mwisho. Mwishehe alilifunga tena kwa uzi, akaliweka chini kabisa ya sanduku. Alijiambia kwamba mkono haujazoea seluloidi. Rangi inateleza, wino hauingii. Ni afadhali ajifunze kwanza kwa wengine, na mkewe amwache wa mwisho, wakati hatakosea. Hakumwambia mtu neno hilo, wala halikumpendeza alipolisema moyoni, lakini ndivyo alivyofanya.

Ipo desturi moja ya kazi yake ambayo lazima ielezwe. Mwishehe alijifunza kutia rangi picha katika duka la Mhindi mpiga picha mjini, ambako picha nyeusi na nyeupe za maharusi na makarani zilipakwa rangi kwa mkono. Kabla ya kwenda huko, mwalimu wake wa chuo cha Kurani, Mwalimu Salehe, alimpa idhini kwa sharti moja. Mwenye kuumba sura kamili ya kiumbe hai ataambiwa Siku ya Kiyama aitie roho, naye hataweza. Kwa hiyo Mwishehe asikamilishe mwili wa mtu yeyote. Aache mstari mwembamba shingoni, upana wa unywele, usio na rangi wala wino, ili kichwa kiwe mbali na kiwiliwili, na picha ihesabiwe kuwa kitu kisicho hai. Mwishehe hakuwahi kulivunja sharti hilo. Wateja walidhani ni uzi wa kidani, na wengine walimsifu kwa kuwaongezea pambo.

Hivyo ndivyo alivyowarudisha watu wa Marui. Alimrudisha Husseini mgema, na mabinti wa Husseini. Alimrudisha mzee mwenye jembe, na wanawake waliobeba magodoro ya usufi, na mtoto aliyemburuta mbuzi. Alimrudisha Bi. Mwanamkuu, ambaye huko kijijini alikuwa amebaki kitambaa chekundu na ukingo wa sikio. Kwa kila mmoja alipitisha wino mbele na rangi nyuma, na kwa kila mmoja aliacha mstari shingoni. Alifanya kazi kwa hofu, dirisha likiwa wazi, moto wa jikoni ukiwa umehamishiwa nyuma ya nyumba, kwa sababu alikuwa ameambiwa kwamba seluloidi huwaka upesi kuliko pamba. Habari kutoka Marui hazikuja. Kwa kawaida kila siku ya soko palikuwa na mtu wa Marui wa kupita na kuleta salamu, malalamiko na masengenyo. Sasa walipita na mizigo yao moja kwa moja. Mwishehe, akiinamia meza yake, aliuona ukimya huo kuwa ni dalili ya heri.

Akafika kwenye fungu la mwisho.

Siku hiyo Mwanajuma alikuwa barazani na jirani yao Sikudhani, muuza nazi, na sauti zao ziliingia dirishani pamoja na upepo.

“Hiyo ndiyo bei ya nazi?” alisema Mwanajuma. “Kwani nazi zako zimetoka kuhiji?”

“Zimehiji na zimerudi, shoga. Usipozitaka zitakwenda kwa wenye heshima zao.”

“Wenye heshima zao wanakupa pesa za bandia. Juzi si ulinililia hapa hapa? Ukasema mume wa...”

Neno lilikatika. Mwishehe alikuwa ameinua brashi kutoka kwenye karatasi ya mwisho. Uso ulikuwa umekamilika, mabega yamekamilika, na kati yake upo mstari.

“Mume wa nani?” aliuliza Sikudhani. “Sema basi. Ama umenuna? Umenuna kwa nazi, Mwanajuma? Haya, nakupunguzia.”

Mwishehe alitoka barazani. Mkewe alikuwa amesimama, mzima, rangi yake nzuri kuliko siku ya harusi, na midomo yake ilikuwa ikitembea. Hapakutoka sauti. Shingoni mwake, kutoka upande huu mpaka upande ule, palikuwa na mstari mwembamba, na kupitia mstari huo Mwishehe aliona mbao za mlango uliokuwa nyuma yake. Mwanajuma alipitisha kidole hapo, akakitazama kidole, kisha akamtazama mumewe. Hakulia. Alikuwa akingoja.

“Basi, mimi nakwenda,” alisema Sikudhani, akijitwika kapu lake. “Mtu akinuna mwache anune.”

Mwishehe alirudi ndani, akachovya brashi. Tone moja lingetosha kwa kila karatasi. Aliiinua mpaka shingoni mwa yule mwanamke wa seluloidi, na hapo akaizuia hewani, kwa maana aliona wazi mahali ambapo angesimama Siku ile, na swali ambalo angeulizwa. Aliiweka brashi chini. Kisha akafahamu ni kwa nini hapakuwa na salamu kutoka Marui. Akachukua baiskeli yake, akaondoka bila kunawa mikono.

Aliyafikia mashamba ya Marui jua likiwa bado juu. Watu walikuwa wakipalilia. Kutoka nyuma hakuweza kumjua yeyote, kwa sababu upande wa nyuma rangi zilipakwa bila mistari, na migongo yao haikuwa na mpaka. Kanga ilimwagikia mkononi, kichwa kilimwagikia begani. Walipogeuka walikuwa wamechorwa safi, kila kope mahali pake. Walimwamkia kwa kuinamisha vichwa. Kijiji kilikuwa na sauti ya majogoo, ya majembe na ya upepo katika mihogo. Mtoto mmoja aliangukia kisiki akalia kwa kinywa wazi, machozi yakashuka, na mama yake, aliyempa mgongo, hakugeuka mpaka alipopitiwa na kivuli cha mtoto.

Bi. Mwanamkuu alimpokea mkwewe kwa kumwekea kigoda na maji. Alisema maneno mengi. Mwishehe aliitikia, “Marahaba, mama, naam, mama,” kwa kubahatisha, akiutazama ukuta wa udongo uliokuwa ukionekana katika shingo yake. Ndipo alipokumbuka kwamba yeye ndiye aliyepaswa kuamkia.

“Shikamoo, mama,” alisema.

Midomo ya bibi ilimjibu.

Aliyekuwa na sauti Marui ni mtu mmoja, Jumbe Kibwana, ambaye mwaka ule wa mchoraji alikuwa ametoka kwenda msibani Mlandizi na kwa hiyo hakuchorwa. Alimkuta akishona kofia mbele ya nyumba yake.

“Fundi,” alisema Jumbe bila kuinua macho, “umetufanyia kazi nzuri. Kwa mwili sina lawama. Hata mzee Husseini kibyongo chake umekinyoosha.”

“Sikukusudia, Jumbe.”

“Najua hukukusudia. Aliyekusudia angetuachia japo mmoja mwenye sauti, asije akashukiwa.” Alikata uzi kwa meno. “Keshokutwa bwana wa kampuni anakuja kufanya baraza. Atauliza kama yupo mwenye neno la kupinga. Asiposikia neno, tumekubali, tunahama. Miezi yote hii watu wamejiandaa, kila mmoja ana la kusema. Wengine walikuwa wazi kama kioo lakini sauti walikuwa nayo, na sauti ndiyo iliyotakiwa.”

“Wewe unayo sauti.”

“Mimi ni jumbe. Nikisema mimi peke yangu, bwana atauliza, wenzako mbona kimya? Kisha atamtafuta mwingine mwenye kichwa cha kuitosha kofia hii.” Aliijaribu kofia, ikamkaa vizuri. “Wazibe shingo, fundi. Hata mkeo yumo humo humo kati yetu.”

Mwishehe alirudi Kisarawe kwa njia ya msituni, akikanyaga baiskeli kama anayefukuzwa, ingawa nyuma yake hapakuwa na kitu. Hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa Mwalimu Salehe, akamkuta akisuuza mbao za wanafunzi, wino wa aya ukishuka katika beseni. Alimweleza yote. Mwalimu alisikiliza, akisuuza ubao mmoja kwa muda mrefu kuliko ulivyohitaji.

“Sharti nililokupa halikubadilika,” alisema. “Ukiikamilisha sura, utaambiwa uitie roho.”

“Roho wanayo, Mwalimu. Walichokosa ni koo.”

Mwalimu aliuegemeza ubao ukutani ukauke. Alikuwa mtu mzima sana.

“Hilo sikufundishwa,” alisema hatimaye. “Nikikwambia ufanye, naogopa. Nikikwambia usifanye, naogopa vilevile. Nenda, mwanangu. Usiseme nilikwambia, wala usiseme nilikukataza.”

Alipofika nyumbani aliona alama za magurudumu ya lori mbele ya baraza. Chumba cha mbele kilikuwa kitupu. Zahoro alikuwa amekuja, akazitazama karatasi za juu, akaridhika, akalichukua sanduku kwenda Dar es Salaam. Sikudhani, aliyeshuhudia kutoka kwake, alimpasha habari.

“Nilimwambia mwenyewe hayupo. Akasema kazi imekwisha, angoje nini? Nikamwambia, lakini shingoni mbona pana mwanya? Akasema ni mwembamba mno, kwenye shuka la sinema hautaonekana.” Alishusha sauti. “Na mkeo bado amenuna. Hata karani hakumjibu.”

Mwishehe aliingia ndani, akaketi sakafuni pale sanduku lilipokuwa. Harufu ya kafuri ilikuwa bado imebaki, na juu yake aliisikia ile ya magadi, ambayo haikuwapo. Mwanajuma alitoka chumbani. Alikuwa ameshika ungo wa choroko. Alizimwaga juu ya mkeka, na chini ya choroko lilikuwapo fungu moja la karatasi, limefungwa kwa uzi. Alimwekea mumewe fungu hilo mapajani, akaiokota brashi, akampa.

Mwishehe alisali rakaa mbili kwanza. Kisha aliketi mezani akaziba shingo ya mkewe, karatasi moja baada ya nyingine, akipitisha wino mbele na rangi nyuma. Jasho lilimshuka mpaka kwenye nyusi, akawa analifuta kwa bega lisije likadondoka. Rangi ya mwanzo alikuwa ameimaliza. Aliyochanganya ilitoka nyeusi kidogo kuliko ya kwanza. Alipoinua brashi kutoka kwenye karatasi ya mwisho alifumba macho, akangoja kuulizwa swali lake. Hakuulizwa na mtu.

“Umechelewa,” alisema Mwanajuma.

Baraza lilifanyika kisimani, mahali palepale pa kigoda cha mchoraji. Watu wa Marui waliketi safu kwa safu. Bwana wa kampuni aliketi kwenye kiti cha turubai, na Zahoro alisimama kando yake kutafsiri. Kabla ya kuanza, Mwishehe alimwendea karani akamwomba, kwa sauti ya chini, karatasi zile zisioshwe.

“Fundi, mimi si mwenye magadi,” alisema Zahoro. “Amri hutoka kule, maji hutoka kule. Mimi nabeba tu.”

Bwana aliuliza kama yupo mwenye neno la kupinga. Watu wote walifumbua vinywa. Walisema kwa muda mrefu, baadhi wakisimama, baadhi wakinyoosha vidole kuelekea makaburini na kuelekea mikorosho waliyoipanda, na mzee Husseini alisema mpaka mishipa ya shingo ikamtoka juu na chini ya mstari. Kisimani palisikika ndoo ikigonga ukingo.

Bwana aliuliza wanafanya nini.

“Wanaomba dua, bwana,” alijibu Zahoro, baada ya kuwatazama kidogo.

Bwana alivua kofia yake kwa heshima mpaka walipomaliza. Aliuliza mara ya pili. Hapo Mwanajuma alisimama nyuma kabisa, karibu na mama yake.

“Hatuhami,” alisema. “Wote wanasema hatuhami. Nawasoma midomo. Mama yangu anasema mume wake amelala pale, na yeye atalala pale. Yule anasema chumvi mliyompa alikwisha kuila, mkitaka atawarudishia chumvi.”

Sauti yake ilikuwa nzito kidogo kuliko zamani, kwa sababu ya ile rangi, lakini ilisikika mpaka kwenye lori. Bwana alimwuliza Jumbe Kibwana kama mwanamke huyu ni wa hapa. Jumbe aliivua kofia yake mpya akaitazama ndani.

“Alizaliwa hapa, bwana,” alisema. “Ameolewa Kisarawe.”

“Basi katika watu wa hapa,” alisema bwana kwa upole, na Zahoro akatafsiri kwa upole uleule, “hakuna aliyepinga.”

Walihama wiki ile ile, kwenda Tangini, upande wa Kibaha, ambako kampuni ilikuwa imewafyekea pori. Walitoka wakielekea mkono wa kulia, kama walivyochorwa, wote kwa hatua moja, magodoro vichwani, mtoto akimburuta mbuzi. Nyuma ya Bi. Mwanamkuu waliacha nafasi ya mtu mmoja, na hakuna aliyeijaza. Mwanajuma alisimama kando ya njia. Mama yake alipopita aligeuza uso, akasema neno moja, akaendelea.

Mwanajuma alikwenda Tangini kila alipopata nafasi, ili awe msemaji wao sokoni, na wachuuzi wa Kibaha walizoea kufanya biashara na watu waliokuwa wakinyoosha vidole. Hakukaa jikoni mwa mtu. Huko wanawake walipika kwa kusimama mbali, kwa mwiko mrefu, kila mtu akichunga cheche. Yeye pia, nyumbani Kisarawe, alikuwa amemwachia mumewe moto, na Mwishehe alijifunza kusonga ugali.

Siku moja walikwenda pamoja, wakiwa na kikapu cha choroko. Walipokaribia waliisikia harufu ya magadi tangu njia panda. Bi. Mwanamkuu alikuwa ameketi mlangoni akimenya muhogo. Mbele ya macho yao rangi ilianza kumtoka kuanzia miguuni, kama vumbi linavyotoka kwenye jani, na baada ya muda ikabaki mistari mitupu, mistari ya mkono wa Mwishehe mwenyewe, na ndani ya mistari mlionekana ukuta na kuku wakipita. Watu wengine walikuwa hivyo hivyo, kila mmoja mahali alipokuwa, penye kinu, penye kamba ya nguo. Hakuna aliyekimbia. Bi. Mwanamkuu alikiweka kisu juu ya dirisha, mahali ambapo hakingemkata mtu. Alisema jambo. Kisha mistari nayo ikasuuzika, na kitambaa chekundu kikaanguka juu ya maganda ya muhogo.

Mwanajuma alikiokota akakifunga mkononi. Wakati wa kurudi walitembea mwendo mrefu kabla Mwishehe hajathubutu kuuliza.

“Alisema nini?”

“Aliuliza kama choroko zimechambuliwa.”

Kampuni ilipopata habari kwamba nyumba za Tangini ni tupu, ilieleza kwamba watu wa Marui ni watu wa kuhamahama, na kwamba jambo hilo linaonesha jinsi ambavyo kuwahamisha hakukuwa na madhara. Jumbe Kibwana alipewa usimamizi wa wakata mkonge. Mkonge ulishika vizuri katika bonde, safu kwa safu mpaka makaburini na kupita. Mwishehe aliendelea kutia rangi picha za maharusi, naye tangu hapo aliziba shingo zote. Kila usiku aliomba msamaha. Fungu la mkewe alilifungia katika kasha la bati, mbali na moto na mbali na maji, na kila asubuhi kabla ya kunawa alilifungua kulitazama.

Filamu ililetwa Kisarawe mwishoni mwa kiangazi. Shuka jeupe lilitundikwa kwenye ukuta wa ghala baada ya sala ya magharibi, na watu waliketi chini na mikeka yao. Zahoro alisimama mbele akaeleza kwamba watakaowaona ni watu wa Marui, ambao walihama bila neno hata moja la manung’uniko. Jambo hilo lilikuwa kweli.

Mashine ilinguruma, na watu wa Marui wakatoka upande wa kushoto, wakubwa kama nyumba, wakitabasamu. Katika ukubwa ule mstari wa shingoni ulionekana wazi, mpana kama kidole, mweupe kwa shuka.

“Tazama, wote wamevaa vidani,” alisema Sikudhani. “Wamependeza kwa safari.”

Nyuma ya Bi. Mwanamkuu ilipita nafasi tupu. Chini yake kilitembea kivuli cha mwanamke mwenye mtungi, kwa kuwa vivuli vilichorwa katika fungu la peke yake, navyo vilikuwa vimeoshwa vyote kwa siku moja. Kwenye mikeka, mwanga wa mashine uliwatupia watu vivuli vyao mapajani mwa wenzao. Mwanajuma hakuwa nacho.

Alisimama.

“Mama,” aliita.

Kwenye shuka, Bi. Mwanamkuu aligeuza uso, akamtafuta kati ya watu, akamwona. Midomo ikasema neno lilelile la siku ya kuhama. Kisha hatua iliyofuata ikamfikia, akageukia mbele, akaelekea mkono wa kulia pamoja na wengine.

“Dada, keti,” alisema mtu nyuma. “Unatuzibia.”

Mwanajuma akaketi.